Wimbo Mpya wa Ijumaa: Ni wa Nani, Umeundwaje, na Kazi Yake Nini

Tangu tarehe 10 Julai 2015, nyimbo nyingi mpya duniani hutolewa siku ya Ijumaa. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na siku yake: Uingereza Jumatatu, Marekani Jumanne, Australia Ijumaa. Wimbo ukitoka mahali pamoja, kwengine ulikuwa umeshaibwa na kusambazwa kabla ya siku yake rasmi, ndipo wenye makampuni wakakubaliana siku moja. Kwetu Malindi maana yake ni kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa, saa sita ikigonga, simu huanza kujaa. Zile kubwa za Marekani zinazofuata saa za New York huingia saa moja au saa mbili asubuhi, madereva wa tuktuk wakiwa ndio kwanza wanawasha redio. Amu, yaani Lamu, mambo huenda taratibu zaidi. Vichochoro vya mji mkongwe ni vya miguu na punda, hakuna matatu ya kuutangaza wimbo, basi wimbo husafiri ndani ya boti ya Mokowe kwenye spika ndogo ya Bluetooth, na hadi swala ya Ijumaa ipite adabu inataka sauti ishushwe.

Kwa hiyo kupata nyimbo mpya si shida. Ni nyingi kupita kiasi. Shida huanza mtu anapotaka kuziita kwa jina na kuzipima. Anakutana na maneno matatu, indie, elektroniki na dansi-pop, na anayachukua kama vyumba vitatu vya nyumba moja: wimbo ukiwa chumba hiki hauwezi kuwa kile. Kumbe maneno haya hayajibu swali moja. Indie hujibu wimbo ni wa nani. Elektroniki hujibu umeundwa kwa zana gani. Dansi-pop hujibu umeundwa ufanye kazi gani. Wimbo mmoja unaweza kuwa yote matatu pasipo kujipinga, na nusu ya mabishano ninayoyasikia barazani kuhusu muziki hutokana na watu wawili kujibu maswali mawili tofauti huku kila mmoja akidhani mwenzake amekosea.

Tuanze na umiliki. Leo kampuni kubwa za kurekodi zimebaki tatu: Universal, Sony na Warner. Nyimbo zisizomilikiwa nazo ndizo indie kwa maana ya asili. Mfano unaotajwa sana ni wa Januari 1977, kundi la Buzzcocks la Manchester lilipokopa pesa kwa jamaa na marafiki, likachapisha lenyewe sahani ya nyimbo nne na kuiuza bila kampuni yoyote kubwa. Wengi waliona kwamba kumbe inawezekana, na lebo ndogo zikachipuka kila upande wa Uingereza. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 neno lilikuwa limeshaanza kuhama. Kwa kuwa waliojitegemea wengi wao walipiga magitaa na kuimba kwa sauti ya aibu-aibu, watu wakaanza kuiita sauti hiyo indie, hata mwimbaji alipokuwa amesaini mkataba na kampuni kubwa. Mpaka leo programu za muziki hutumia neno hili kwa maana ya sauti, si ya umiliki. Hivyo kijana wa Maweni anayerekodi chumbani kwake, akapandisha wimbo mwenyewe kupitia kampuni ya usambazaji na kubaki na haki zake zote, ni indie halisi. Lakini hatawekwa kwenye orodha ya indie ng'o, kwa sababu hana gitaa la huzuni. Ataitwa afropop, au ataitwa "muziki wa dunia", jina ambalo mimi binafsi silitaki hata kidogo.

Swali la pili, la zana, lina historia ndefu na nitaipitia kwa haraka. Kraftwerk wa Düsseldorf walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba bendi nzima inaweza kusimama juu ya vinanda vya umeme na dramu za mashine. Mwaka 1980 Roland ya Japani ikatoa TR-808, mashine ya dramu ambayo haikufanana na dramu yoyote ya ngozi. Haikuuzika vyema, ikasimamishwa baada ya miaka michache, na kwa sababu hiyo hiyo ikapatikana kwa bei nafuu katika maduka ya mitumba ya Marekani. Vijana weusi wa Chicago na Detroit waliinunua, pamoja na ndugu yake TR-909 ya 1983, wakatengeneza house na techno, muziki wa kucheza wa klabu. Frankie Knuckles, aliyepiga katika ukumbi wa Warehouse mjini Chicago tangu 1977, na Juan Atkins wa Detroit ndio majina ambayo mhakiki yeyote wa muziki huu anapaswa kuyajua kabla ya kulijua jina la dijei yeyote wa Ulaya.

Leo karibu kila wimbo ni wa elektroniki ukitazama zana peke yake. Taarabu ya kisasa ina kinanda cha umeme, kaswida nyingine zina dramu za kompyuta, wala hakuna anayeziita elektroniki. Basi neno hili lina maana pale tu ambapo mashine haijifichi, pale msikilizaji anapotakiwa aisikie kuwa ni mashine. Afrika Mashariki inayo mifano yake. Just a Band wa Nairobi walitoa albamu yao ya kwanza 2008 na kuonyesha kwamba elektroniki ya Kenya inaweza kuwa na mzaha na akili. Singeli ya Dar es Salaam, inayokimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ilifika masikio ya Ulaya mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipoichapisha. Huo ni muziki wa indie kwa umiliki, wa elektroniki kwa zana, na wa kucheza kwa kazi. Jaribu kuuweka chumba kimoja.

Swali la tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa Malindi, mji ambao Kiitaliano husikika sokoni. Dansi-pop ni wimbo wenye mdundo wa ukumbini uliofungwa ndani ya umbo la wimbo wa redio: una beti, una kiitikio, una mwimbaji mwenye sura, na unaisha ndani ya dakika tatu hivi. Waitaliano waliufanya kuwa kiwanda katika miaka ya 1980, wakiimba Kiingereza cha kuazima juu ya mashine za dramu. Mwaka 1989 wimbo uliouzwa kuliko yote Uingereza, "Ride on Time" wa Black Box, ulikuwa kazi ya prodyuza wa Kiitaliano. Aliyeonekana kwenye video alikuwa mwanamitindo akifungua mdomo tu. Sauti ilikatwa kutoka wimbo wa 1980 wa Loleatta Holloway, Mmarekani, ambaye hakutajwa mpaka mambo yakafika kwa mawakili. Nautaja kwa sababu swali lake halijapitwa na wakati: sauti ninayoisikia ni ya nani, na je, ameulizwa? Siku hizi prodyuza hukata vipande vya taarabu kutoka kaseti za zamani na kuviweka juu ya house. Nikikutana na kazi ya namna hiyo, kitu cha kwanza ninachotazama ni kama jina la mwimbaji wa kaseti limeandikwa.

Hata wenye tuzo walilazimika kuutenganisha uzi huu. Katika tuzo za Grammy za Marekani za 2024 kulianzishwa kipengele kipya cha wimbo wa dansi-pop, mbali na kile cha dansi na elektroniki, kwa sababu nyota wa pop wenye midundo ya klabu na maprodyuza wa klabu walikuwa wakishindana kwenye mzani usiowafaa wote wawili. Kylie Minogue ndiye aliyekitwaa kwa mara ya kwanza.

Sasa, wimbo hufikaje kwenye simu yako? Programu ya muziki ya Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Boomplay ilikuwa imeshatangulia ndani ya simu za Tecno. Zote, pamoja na YouTube, hutegemea programu ya kupendekeza, na watu huizungumza kama ina masikio. Sehemu yake kubwa haina. Inafanya kazi kama mwenye duka la mtaani ambaye hajawahi kuonja unachonunua, ila anakumbuka kwamba wanaochukua unga wa mahamri huchukua na iliki. Hutazama mamilioni ya watu na orodha zao, ikaona kwamba waliosikiliza wimbo huu walisikiliza na ule, basi ikakuletea ule. Haijui indie ni nini. Inajua mienendo.

Hapo ndipo wimbo mpya kabisa unapokwama. Kama hakuna aliyeusikiliza, hakuna mwenendo wa kutazama. Programu hulazimika kubahatisha kwa njia nyingine: huchambua sauti yenyewe, mwendo wake, uzito wa besi, kama kuna mwimbaji, husoma yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu msanii, na hutazama wafuasi wa nyimbo zake za nyuma. Mwenye wafuasi laki moja huanza safari akiwa katikati ya njia. Wa Muyeye, hapa Malindi, mwenye wafuasi arubaini huanzia mlangoni. Ndiyo sababu msanii huambiwa ausajili wimbo angalau siku saba kabla ya kutoka ikiwa anataka uingie kwenye orodha ya Ijumaa ya wafuasi wake. Na ndiyo sababu wengi wetu, ambao hurekodi Jumatano na kutoa Alhamisi, huikosa nafasi hiyo bila kujua ilikuwepo.

Lipo na tatizo la upande wetu wasikilizaji. Simu moja huku pwani mara nyingi ni ya nyumba nzima. Asubuhi mama anasikiliza kaswida, mchana watoto wanataka katuni, jioni kaka anaweka amapiano. Programu inamwona mtu mmoja mwenye tabia za ajabu, nayo inamrudishia supu ya kila kitu. Anayetaka mapendekezo ya maana na awashe kikao cha faragha mwengine anapoishika simu. Na asiyetaka kutegemea mapendekezo hata kidogo asome majina ya walioutengeneza wimbo. Mfuate prodyuza kabla ya kumfuata mwimbaji. Mwimbaji hubadilisha maprodyuza kila msimu, lakini prodyuza mwenye sikio lake hubaki na sauti yake, na kupitia kwake utawakuta waimbaji watano ambao hakuna orodha iliyokuletea. Vivyo hivyo lebo ndogo: ukiupenda wimbo mmoja wa lebo yenye wasanii kumi, tenga usiku mmoja uwapitie wote kumi. Nimewapata wengi kwa njia hii kuliko kwa orodha zozote za Jumatatu na Ijumaa.

Tukija kwenye kuupima, kosa la kwanza ni kuuhukumu wimbo wa dansi kwa spika ya simu. Dramu kubwa ya house na besi yake huishi chini kabisa, kwenye mitetemo kama 40 hadi 60 kwa sekunde, na spika ya simu ni ndogo mno kuitoa. Unachokisikia pale ni mwangwi wa juu wa besi, na ubongo unajaza kilichokosekana. Maprodyuza wanalijua hilo, kwa hiyo huichafua besi kidogo makusudi ili iwe na sauti za juu zinazosikika kwenye simu. Usikilize wimbo kwa hedifoni, kisha kwenye spika kubwa. Spika ya tuktuk iliyofungwa chini ya kiti inaweza kukufunulia mambo ambayo hedifoni ya bei haikukwambia: je, dramu na besi zinapeana nafasi, au zinagongana? Katika wimbo uliotengenezwa vizuri, kila dramu inapopiga, sauti nyingine hujirudisha nyuma kidogo kisha zikarejea, na wimbo mzima unapumua. Mwenye haraka huliacha hilo, na matokeo yake ni matope.

Sauti kubwa nayo hudanganya. Wimbo uliokandamizwa ili uwe na kelele kuliko wenzake huonekana bora kwa sekunde kumi. Lakini Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo zote kwenye kiwango kimoja, na uliokandamizwa unaposhushwa hubaki bapa, bila kilima wala bonde.

Jambo jingine ni kujua unasikiliza toleo gani. Wimbo wa klabu huwa na toleo refu, dakika sita au saba, lenye dramu tupu mwanzoni na mwishoni. Mtu asiyejua huandika kwamba wimbo "unachelewa kuanza". Ile dramu haikuwekwa kwa ajili yake. Imewekwa ili dijei apate nafasi ya kuupachika juu ya wimbo unaomalizika, mapigo kwa mapigo. Wazee wetu wa taarabu, waliokaa wakasikiliza bashrafu nzima kabla mwimbaji hajafungua kinywa, wasingelalamika. Toleo fupi la mtandaoni lina shinikizo lake tofauti: msikilizaji akiondoka kabla ya sekunde 30, Spotify haihesabu kwamba umesikilizwa, na usipohesabiwa hakuna malipo. Ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi-pop za miaka hii huanza na kiitikio moja kwa moja. Si ubunifu, ni hesabu, na mhakiki ana haki ya kusema hivyo.

Yapo mawili ambayo mhakiki wa New York hawezi kukusaidia nayo. La kwanza ni mdundo. House hutembea kwa nne zilizonyooka, dramu kubwa ikipiga kila hatua. Chakacha hutembea kwa sita, na vumi na chapuo hugawana mwendo huo kwa namna ambayo kiuno kinaijua kabla ya kichwa. Prodyuza akiichukua chakacha akailazimisha ikae kwenye gridi ya nne ya kompyuta, kitu hufa. Mara nyingi huwezi kusema ni nini, unaona tu kina mama harusini wamesimama. Anayejua kazi huacha dramu kubwa itembee kwa nne, lakini ndani yake hugawa kila pigo mara tatu badala ya mbili au nne, na ghafla miendo miwili inakaa pamoja. Rimiksi za nyimbo za pwani nazipima hapo kabla ya kitu kingine chochote.

La pili ni maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ma-PE-nzi, ha-BA-ri, nyu-MBA-ni. Dansi-pop nyingi huandikwa kwa kuimba kwanza tuni bila maneno, na tuni hizo zimezoea lugha ambayo mkazo wa maneno yake huangukia popote. Yakija maneno ya Kiswahili, pigo zito linaangukia silabi ya mwisho na unasikia "mapenZI" kama mgeni aliyeshuka juzi uwanja wa ndege. Kuna wakati hilo hufanywa makusudi, kwa mchezo, na likapendeza. Mara nyingi ni uvivu. Watunzi wa mashairi ya Amu walihesabu mizani kwa vidole. Mtunzi wa kiitikio cha maneno manne anaweza kusikiliza mkazo wake.

Nikiwasoma wahakiki wetu, kinachonichosha ni neno "amejitahidi". Linamdhulumu msanii na msomaji pia. Kurekodi chumbani si dhambi, wala si kinga. Kama mlio wa jenereta ya jirani umeingia kwenye sauti, sema umeingia, na useme kama umeharibu au umeongeza ladha, maana yote mawili hutokea. Uhakiki wenye faida kwangu unaniambia toleo gani limesikilizwa na kwa chombo gani, unanipa dakika na sekunde ambapo jambo limetendeka, unamtaja prodyuza, kisha unaupima wimbo kwa kazi yake. Wimbo wa kucheza usiochezeka umeshindwa hata maneno yake yakiwa ya dhahabu. Wimbo wa kusikiliza usiku ufukweni haudaiwi kumsimamisha mtu.

Na ukiupenda, jua pesa yako inakwenda wapi. Kwa utaratibu wa Spotify, ada za wasikilizaji huwekwa chungu kimoja na kugawanywa kwa sehemu ya usikilizwaji wote. Unaweza kulipa mwezi mzima ukamsikiliza msanii wa Malindi peke yake, na sehemu kubwa ya ada yako ikaenda kwa nyota usiowahi kuwagusa. Tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote katika chungu cha rekodi. SoundCloud ilianza 2021 kuwalipa baadhi ya wasanii kwa kufuata nani hasa alimsikiliza nani, lakini ni wachache walioiga. Bandcamp huuza wimbo kama bidhaa na kukata asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali, na nyingi ya zilizobaki humfikia mwenyewe. Tabu yake kwetu ni kwamba malipo yake yamejengwa juu ya kadi na PayPal, na mashabiki wengi wa hapa wana M-Pesa tu. Wasanii kadhaa ninaowafuata huandika namba ya simu ya malipo chini ya video. Hiyo namba, ikiwepo, naiweka kwenye uhakiki, mstari wa kwanza baada ya jina la wimbo.